Silaha ya Kigeni na Silaha ya Nyumbani: Ipi Bora?

Katika nyumba za askari na polisi, hasa jioni baada ya chakula, ubishi wa silaha haukosekani. Husikika Mushasha, pale Gitega penye kanisa kuu, kama usikikavyo Muyinga, Morogoro na Eldoret, na siku zote huwa na pande mbili. Upande wa kwanza hushikilia kwamba bunduki iliyotoka ng'ambo ndiyo bunduki, na kwamba iliyoundwa na Mwafrika ni mchezo wa watoto. Upande wa pili, ambao siku hizi umepata nguvu, hujibu kwamba hayo ni mawazo ya kitumwa, na kwamba silaha ya nyumbani haina budi kusifiwa maadamu ni ya nyumbani. Pande zote mbili zimepotoka, na upotofu wao ni mmoja: zinatazama bunduki ilikozaliwa kabla ya kutazama inavyofanya kazi.

Mama anayekwenda sokoni kununua jembe ana busara kuliko wabishi hao. Huligonga kwa jiwe akasikiliza mlio wake, huitazama shingo yake kama imeungwa barabara, humwuliza jirani aliyenunua la aina ile mwaka uliopita limelika kiasi gani. Kama limetoka kwa mhunzi wa kilimani au limetoka kiwandani ng'ambo, hilo hulifikiria mwishoni, tena kwa sababu ya maana: likipinda, nani atalinyosha? Ni ajabu basi kwamba mume wa mama huyo, anayebeba kitu cha kuua na kuokoa, aghalabu hutoa hukumu yake kwa kusoma tu jina la nchi lililopigwa chapa ubavuni mwa bunduki.

Burundi yenyewe inao ushahidi wa zamani juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1880, Mohamed bin Khalfan, mfanyabiashara wa Ujiji aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kupenya nchini humo kutoka ziwani. Watu wake walikuwa na magobore yaliyopitia pwani. Watu wa Mwami Mwezi Gisabo walikuwa na mikuki, pinde na mishale, kazi ya wahunzi wa milima yao wenyewe. Rumaliza alirudishwa nyuma. Silaha ya kigeni ilishindwa na silaha ya nyumbani, na mwenye kupenda vya nyumbani angeweza kuishia hapo na kupiga makofi.

Lakini asipige makofi haraka. Gobore ni bunduki ya kushindilia mdomoni: baruti humiminwa, kitambaa au nyuzi husukumwa kwa mdeki, risasi hufuata, kisha fataki huwekwa mahali pake, na wakati huo wote mpiga mshale hasimami akimngoja mwenzake amalize. Mvua ikinyesha baruti hulowa, na mvua katika milima ya Burundi si jambo la kubahatisha. Mwaka 1903 walikuja Wajerumani chini ya Kapteni Robert von Beringe, wakiwa na bunduki za kisasa zinazotiwa risasi kwa nyuma. Milima ilikuwa ile ile, mikuki ile ile, na ushujaa haukupungua. Hata hivyo tarehe 6 Juni mwaka huo Mwezi Gisabo alilazimika kukubali mkataba wa Kiganda. Mtu anayezuru Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, na kutazama vitu vya zama za wafalme, asivitazame kwa dharau wala kwa kujigamba. Silaha za wahunzi zilitosha kwa kazi moja, hazikutosha kwa nyingine. Kati ya kazi hizo mbili, utaifa wa mtengenezaji haukubadilika hata kidogo.

Tena yafaa kuuliza: hilo gobore la kigeni lilikuwa la kigeni kwa namna gani? Majeshi ya Ulaya yalipoacha bunduki za kushindilia mdomoni katika miaka ya 1860 na 1870, yalibakiwa na shehena kubwa za bunduki kuukuu. Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ya chuma chakavu, karakana za mji wa Liège katika Ubelgiji zikazirekebisha, na meli zikazileta Zanzibar, kutoka hapo zikapanda bara kwa misafara ya pembe na watumwa. Birmingham nayo, huko Uingereza, ilikuwa na mafundi waliotengeneza bunduki rahisi kwa ajili ya soko la Afrika tu. Halafu ukaja Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, mkataba huo ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa na risasi zake, ila uliruhusu kwa masharti gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno mengine, kilicho bora kilizuiwa na kilicho duni kikapewa njia.

Basi mzee aliyeshika gobore lililopasuka na kusema kuwa Wazungu hawajui kuunda bunduki, hakusema kweli. Na kijana aliyeona bunduki ya askari wa Kijerumani na kusema kuwa cha Mzungu hakina mfano, yeye pia hakusema kweli. Wote wawili walikuwa wameonyeshwa sehemu moja tu ya ghala. Hata hao askari wa Kijerumani walikuwa wamepewa vya zamani: vita vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari Waafrika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia baruti yenye moshi. Kila risasi ilipotoka, wingu jeupe lilisimama juu ya kichaka na kumwambia adui mahali alipojificha mpigaji. Baada ya mapigano ya Tanga, mwezi wa Novemba mwaka ule, Jenerali von Lettow-Vorbeck, wakati huo akiwa bado Luteni Kanali, alifurahia sana bunduki za kisasa alizoziteka kwa Waingereza, za kutosha kuzipa silaha mpya kombania tatu na zaidi. Kwa askari wake bunduki za adui zilikuwa bora kuliko za serikali yao, na hakuna aliyezikataa kwa kuwa zilikuwa za adui.

Kuna silaha moja ya nyumbani ambayo haijapata kuhukumiwa kwa haki hata leo, nayo ni ile iliyorithi jina la gobore: bunduki ya mhunzi. Tanzania huitwa gobore; Burundi, katika miaka ya vita vilivyoanza mwaka 1993, iliitwa mugobore. Silaha hii ni haramu kwa asiye na kibali, na wengi waliokuwa nazo walifanya vyema kuzisalimisha. Lakini kuiita ushahidi kwamba fundi Mwafrika hana akili ni dhuluma. Mara nyingi mtambo wake, yaani sehemu zenye kazi ya kuchoka na kurudi, huwa umefuliwa kwa ustadi unaostaajabisha ukikumbuka kwamba aliyeufua alikuwa na tupa, nyundo na viriba tu. Inaposhindwa ni katika chuma cha mtutu. Bomba lililotengenezwa kupitisha maji halikutengenezwa kuzuia mlipuko wa baruti, na mlipuko ukilipasua humwumiza kwanza aliyeshika, usoni na mkononi. Hapo penye kosa ni chuma, sio mkono wa fundi. Mhunzi yule angepewa chuma kinachostahili, na mtu wa kukipima, habari ingekuwa nyingine.

Neno kupima ndilo ambalo wabishi wa jioni hawalitaji, ilhali ndilo lenye jawabu. Mji wa Liège ulikuwa na nyumba ya kupimia bunduki tangu mwaka 1672, na Birmingham ikapata ya kwake mwaka 1813. Kazi ya nyumba hizo ni rahisi kueleza. Bunduki inatiwa baruti nyingi kuliko itakayotiwa maishani mwake, inafungwa mahali, mtu anasimama mbali, inafyatuliwa. Ikisalimika inakaguliwa, kisha inapigwa muhuri; ikipasuka, imempasukia mpimaji aliyejikinga na sio askari. Anayepima haulizi fundi ni nani wala ametoka wapi. Inafaa kuongeza hapa kwamba alama zinazopigwa siku hizi juu ya bunduki za serikali, kwa mujibu wa Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ni kitu kingine kabisa. Hizo humtaja mwenye mali ili bunduki ikipotea ifuatiliwe. Hazisemi lolote kuhusu ubora wake, na ni kosa kuzisoma kana kwamba ni cheti.

Sasa waangaliwe wale waliopenda cha nyumbani kupita kiasi. Kanada, mwanzoni mwa karne iliyopita, haikupewa njia ya kutengeneza bunduki ya Waingereza ya Lee-Enfield, ikaamua kuunda ya kwake. Sir Charles Ross, mtu wa Uskochi, aliileta yake, akapewa mkataba mwaka 1902, na kiwanda kikajengwa Quebec. Ilikuwa bunduki ndefu, nzuri kuitazama, na katika mashindano ya shabaha ilishinda vikombe. Waziri wa Ulinzi, Sam Hughes, aliipenda kama mzazi apendavyo kifungua mimba. Mwezi wa Aprili 1915 askari wa Kanada walikwenda nayo kwenye mahandaki ya Ypres. Tope liliingia. Risasi zilizoletwa zilikuwa za Waingereza, ambazo vipimo vyake havikuwa sawasawa, na chumba cha risasi cha Ross kilikuwa kimebana kwa ajili ya risasi za Kanada zilizotengenezwa kwa uangalifu. Chumba kikapata moto, ganda likanasa, komeo likakataa kufunguka. Askari walilipiga teke kwa visigino vya buti huku adui akija. Katika watu 5,000 hivi wa divisheni hiyo waliosalimika, 1,452 walikuwa wameitupa Ross na kuokota Lee-Enfield za Waingereza waliokufa.

Jambo la kutazamwa zaidi katika habari hiyo ni muda uliopita baadaye. Malalamiko yalifika juu, na huko juu yakapokewa kama utovu wa adabu. Aliyesema bunduki inakwama aliambiwa hajui kuitunza, au hapendi nchi yake. Zaidi ya mwaka mzima ulipita kabla Wakanada wote walioko vitani hawajapewa bunduki nyingine, mwaka 1916. Na ili haki itimie, lazima isemwe pia kwamba walenga shabaha wa Kanada, wale wanaolala mahali pamoja na kupiga risasi chache walizozichagua wenyewe, waliendelea kuiomba Ross kwa kuwa hawakuona iliyoizidi. Bunduki moja, kazi mbili, hukumu mbili.

Mtu asidhani kwamba haya ni ya nchi iliyokuwa changa katika viwanda. Miaka ya 1966 na 1967, huko Vietnam, Marekani yenye viwanda kuliko nchi zote iliwapa vijana wake M16, bunduki iliyobuniwa na kuundwa nyumbani, nayo ikakwama. Ganda lilinasa chumbani baada ya kufyatuliwa, na askari akalazimika kulisukuma kwa ufito wa kusafishia kutokea mdomoni, kama mtu mwenye gobore na mdeki wake. Baruti ilikuwa imebadilishwa baada ya bunduki kwisha kujaribiwa kwa baruti nyingine. Chumba cha risasi hakikuwa kimepakwa kromu ya kuzuia kutu, ilhali Warusi waliipaka kwenye Kalashnikov zao. Vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, na vijana walikuwa wameaminishwa kwamba bunduki ile haihitaji kusafishwa sana.

Waliolifichua jambo hilo ni familia. Vijana waliandika nyumbani kueleza jinsi wenzao walivyokutwa wamekufa karibu na bunduki walizokuwa wakijaribu kuzizibua. Wazazi walizipeleka barua hizo kwa wabunge wao na kwa magazeti, na mwaka 1967 kamati ya Bunge chini ya Richard Ichord ikafanya uchunguzi na kulilaumu jeshi waziwazi. Kromu ikapakwa, vifaa vikapelekwa, mafunzo yakabadilishwa. Na bunduki hiyo, katika sura iliyorekebishwa, ikatumika kwa miongo mingi. Mke wa askari anayesoma ukurasa huu kando ya mapishi na ushonaji, akidhani habari ya komeo na ganda haimhusu, afikirie barua zile zilisomwa jikoni kwa nani.

Afrika Mashariki nayo imekwisha kuingia katika safari hiyo. Tanzania ilianzisha Mzinga huko Morogoro mwaka 1971 kwa msaada wa China. Uganda ina kiwanda cha Luwero Industries huko Nakasongola. Kenya ilijenga kiwanda cha risasi Eldoret, na tarehe 8 Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua Ruiru kiwanda cha bunduki kilichotajwa kuwa na uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Burundi haina kiwanda cha namna hiyo. Kila bunduki iliyo katika mikono ya majeshi yake imetoka nje. Lakini huenda siku moja ikaletewa mikoba ya majirani ili ichague, na haifai siku hiyo imkute mtu anayebisha kwa jina la nchi.

Jambo lenyewe la nyumbani na ng'ambo, ukilichungulia, halina mpaka ulionyooka. Mitambo ya Eldoret ilitoka kampuni ya FN ya Herstal, kitongoji cha Liège, mji ule ule uliorekebisha magobore. FN hiyo hiyo ndiyo iliyounda bunduki ya FAL, iliyobebwa na majeshi mengi ya Afrika, la Burundi likiwemo. Na anayesema Kalashnikov ametaja ukoo, hajataja mtu: kuna ya Kirusi, ya Kichina iitwayo Aina ya 56, ya Kiromania, ya Kibulgaria, na nyingine nyingi, zenye chuma tofauti, mbao tofauti na umri tofauti. Iliyofanyiwa kazi miaka arobaini na watu wanne wenye sare tofauti haiwezi kuwekwa mizani moja na iliyotoka sandukuni jana, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Tofauti ya kweli iko mahali pengine, nako ni katika njia ya malalamiko. Risasi iliyotengenezwa nyumbani ikikataa kulia, aliyeitengeneza yuko umbali wa safari ya basi. Anaweza kuonyeshwa sanduku, namba na ganda, akarekebisha kabla sanduku la pili halijatoka. Hiyo ni faida kubwa ambayo muuzaji wa ng'ambo hawezi kuitoa, hasa akiwa amekwisha kulipwa. Lakini faida hiyo hiyo inaweza kugeuka sumu. Mtengenezaji wa nyumbani aghalabu ni serikali yenyewe, na anayemlaumu anaweza kuonekana ameilaumu serikali, kama Wakanada walivyoona. Cha ng'ambo kinaweza kutukanwa bila hofu; ndiyo maana hutukanwa kupita haki yake. Cha nyumbani husifiwa hadharani na kunung'unikiwa bwenini, na manung'uniko ya bwenini hayafiki kiwandani.

Kwa hiyo mwenye kutaka kupima kwa haki hana budi kwanza kuzitia bunduki zote mbili risasi za sanduku moja, maana nusu ya lawama zinazotupiwa bunduki ni za risasi, na sehemu kubwa ya nusu iliyobaki ni za magazini iliyobonyea. Azipe mikono ile ile, tena mikono ya kawaida, wala sio ya bingwa wa shabaha wa kikosi. Azitie katika mvua ya Gitega, ikiwezekana na katika mchanga na hewa ya chumvi pia. Wanajeshi wa Burundi walioanza kutumika Somalia mwezi wa Desemba 2007 wanajua kwamba bunduki iliyopakwa mafuta mengi kwa ajili ya unyevu wa milimani hukusanya mchanga ikifika Mogadishu. Kila inapokwama aandike ilikwamaje, kwa maana neno "imekwama" peke yake halina maana: ganda lililonasa ni shauri moja, fataki iliyogoma ni shauri lingine, na springi iliyolegea ni shauri la tatu. Na bei aihesabu hadi mwisho wa maisha ya bunduki. Ile ya ng'ambo iliyonunuliwa rahisi, ikakaa miezi minane ghalani ikingojea kipini cha kufyatulia kutoka nchi ya mbali, haikuwa rahisi. Ile ya nyumbani inayopata kipini kwa siku tatu lakini ikakivunja kila mwezi, nayo haikuwa rahisi.

Katika kikosi chochote yuko mtu mmoja ambaye hayo yote anaweza kuyasema bila kupepesa, naye ni fundi wa silaha, aghalabu sajini wa makamo mwenye vidole vyeusi kwa mafuta. Yeye hapendi bunduki ya nchi yoyote. Daftari lake lina safu ya namba za bunduki, safu ya tarehe na safu ya kilichovunjika, na halina safu ya mahali ilikotengenezwa. Tume za ununuzi hukaa hotelini na kusoma vitabu vyenye picha za rangi walivyoletewa na wauzaji, lakini daftari lile, lenye jalada lililochakaa na kurasa zilizoloa mafuta, mara chache huombwa lipelekwe mezani kwao.